Video inakwama, sauti inachelewa: Mama alivyodhani mdogo wangu amemnunia

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ninayoyaandika yametokea sebuleni kwangu, Katandala, hapa Sumbawanga, na mhusika wake ni mama yangu mzazi. Mtu hamtii chumvi mama yake, kwa hiyo someni mkijua kwamba sijaongeza kitu.

Nimeyaleta kwenye jukwaa hili la teknolojia kwa sababu tatizo lilikuwa la kompyuta, ingawa mtaona lilikaribia kuharibu jambo kubwa kuliko kompyuta.

Mama ni mwenyeji wa Milepa, bondeni kwenye joto. Alipanda kuja kukaa nami baada ya mavuno, na tangu afike hajaacha kuilalamikia baridi ya huku juu.

Mdogo wangu, Skolastika, yuko ughaibuni. Alikwenda kusoma, akapata kazi, akaolewa hukohuko na mtu wa hukohuko. Harusi tuliiona kwa picha. Mama hakusema neno baya juu ya ndoa ile, wala hakusema neno zuri. Jina la mkwe wake lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake.

Kisha Skola akajifungua binti. Akaniandikia: "Kaka, naomba Mama ampe mtoto jina. Akikataa nitajua hajanisamehe, na sitamsumbua tena."

Nilipomfikishia Mama ombi hilo, akasema, "Jina la ukoo halirushwi kama vocha. Kwanza mama wa mtoto anisalimie, nami nimtazame usoni."

Hapo ndipo ilipolazimu kupiga simu ya video.

Laptop yangu ni ya mtumba, yenye kamera ndogo juu ya kioo. Intaneti naipata kwa modemu ya USB. Siku hizi kampuni za simu zimekuwa nyingi na kila moja inajisifia kasi. Mimi nilinunua bando la ile ambayo mnara wake nauona kutoka dirishani. Na kwa kuwa masikio ya Mama yamepungua nguvu, nilimnunulia spika ndogo ya Bluetooth, nikaiweka karibu na kiti chake.

Tukapiga Jumapili baada ya misa.

Naomba niwaeleze jambo wale wasio wa huku. Kwetu Ufipa, binti aliyelelewa vizuri humsalimu mzazi akiwa amepiga magoti, huku akipiga makofi ya taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito. Mzazi naye huitikia kwa makofi. Wanapokezana hivyo, na anayechelewa kuitikia anaeleweka: moyo wake haupo.

Skola alipiga magoti mbele ya kamera yake. Kwenye kioo chetu alishuka kwa vipandevipande, kama picha za albamu zinazofunuliwa moja baada ya nyingine. Viganja vyake vikakutana bila sauti. Vilikuwa vimeanza kuachana ndipo kofi likasikika.

Mama akaitikia. Skola akabaki ametukodolea macho, hajibu.

Mama akamwita. Kimya. Akamwita tena, na jibu la mwito wa kwanza likaangukia juu ya mwito wa pili. Wote wawili wakanyamaza, kila mmoja akimpisha mwenzake, halafu wakaanza kusema kwa pamoja, wakanyamaza tena.

Mama akanigeukia. "Umemwona? Anaitikia huku anafikiria. Hata hayo makofi kama anapigiwa na mtu mwingine."

"Ni mtandao, Mama."

"Mtandao ndio uliomzaa? Mwanangu namjua. Amenuna."

Akainuka, akaenda jikoni kuchambua maharage. Mtoto hakuwa hata ameonyeshwa.

Jioni Skola akaniandikia: "Kaka, Mama hakutaka kunitazama. Alikaa gizani kama kivuli, sikuuona uso wake."

Nadhani mnaona ubaya wa hali ile. Watu wawili waliokuwa wakitamani kuonana kwa miaka walikuwa wameagana kila mmoja akiamini amekataliwa.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Nimezoea kulinganisha nakala mbili za andiko moja hadi nijue kosa liliingilia wapi. Nikaamua kuifuata njia hiyohiyo: kubadilisha kitu kimoja, kuviacha vingine vilivyo, kisha kutazama.

Nilianza kwa kuukata mtandao kabisa. Nikajirekodi kwa kamera ya laptop nikipiga makofi kama Skola. Nikaicheza rekodi ile kupitia spika za laptop yenyewe: viganja na sauti vilikutana sawasawa. Nikaicheza tena kupitia ile spika ya Bluetooth, na hapo viganja vikaachana kabla kofi halijasikika.

Wakuu, nilikaa nikaitazama ile spika. Niliinunua kwa mapenzi, na ndiyo iliyokuwa ikimvalisha mdogo wangu sauti ya mtu mwingine.

Sababu yake si ngumu. Sauti inayopita hewani kwa Bluetooth hufungashwa, husafirishwa, kisha hufunguliwa upande wa pili. Picha haingojei. Kwa muziki hutagundua, lakini kwa midomo na viganja utagundua. Dawa ilikuwa waya: spika ileile ina tundu la kuchomekea, na waya wake unauzwa hapa mjini.

Kukwamakwama kwa picha kulikuwa na chanzo kingine. Laptop ilikuwa ikipakua update zake kimyakimya wakati tunaongea, na simu yangu ilikuwa imeungwa humohumo ikinyonya bando. Nikazima vyote viwili. Nikashusha ubora wa video kutoka HD, nikamwomba Skola ashushe pia. Modemu, iliyokuwa imebanwa kati ya laptop na ukuta, nikaiunga kwa waya wa USB hadi dirishani.

Nilisasisha pia driver ya kamera, yaani programu inayoiendesha. Sikuona tofauti yoyote. Nalitaja ili asije mtu akadhani kila hatua hapa ni dawa.

Likabaki la Mama kuonekana kama kivuli. Kwa sababu ya baridi alikuwa amefunga dirisha na kuvuta pazia, kisha akakaa nalo mgongoni. Kamera ndogo ikikosa mwanga huichelewesha kila picha ili ikusanye nuru, na matokeo yake picha zinakuwa chache na zenye ukungu. Nikataka kumgeuza alitazame dirisha, pazia likiwa wazi.

"Unataka nife kwa baridi ili nionekane mzuri?"

Nikamwambia kioo cha dirisha kitabaki kimefungwa, nikamletea blanketi. Akalikubali blanketi kabla ya hoja.

Lakini kuna uchelewaji ambao sikuweza kuuondoa, nao ni wa safari yenyewe. Nikajaribu kumweleza. "Mama, mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, si unaona shoka limeshatua ndipo unasikia? Skola yuko mbali namna hiyo. Akichelewa kujibu, hajanuna. Sauti yako bado iko njiani."

Mama alifikiri, akasema, "Basi mwambie asogee."

Nikaenda mjini kununua ule waya wa spika.

Jumapili iliyofuata tukapiga tena. Nilikuwa nimewaomba wote wawili kwamba mmoja akimaliza kusema, angoje.

Skola akapiga magoti. Mwanga wa dirisha ulikuwa usoni kwa Mama, na nilijua Skola amemwona, kwa sababu kabla ya kuinua mikono alishika mdomo. Kisha akapiga makofi, na kila kofi likaja na viganja vyake.

Mama akaitikia, halafu akangoja. Nilimwona akihesabu bonde lile kichwani, ametulia kabisa, hadi makofi ya Skola yakarudi.

"Umekonda," Mama akasema kwa Kifipa. "Huko hawakupi uji?"

Skola alilia. Mama akangoja na kilio nacho kifike chote, kisha akasema, "Haya, nipe mjukuu wangu."

Mtoto akasogezwa kwenye kamera, karibu mno, tukaona pua tu. Mama akaitazama pua ile, akatamka jina la marehemu mama yake, akalirudia, akamwambia mtoto asilichafue. Ni jina la nyumbani. Mtaniwia radhi nisiliweke hapa.

Kisha akauliza, kana kwamba ni swali la kila siku, "Na Tomasi yuko wapi? Mbona hanisalimii?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mkwe wake. Skola akageuka kumwita mumewe, na alipokuwa amegeuka, bando likaisha. Kioo kikawa cheusi.

Nikamwambia Mama simu imekatika, tutampata mkwe tukiongeza bando. Hakuinuka. Alibaki na blanketi lake, ametazama pale pale.

"Mama, wameshaondoka."

"Najua," akasema. "Nawasindikiza."

Nilichojifunza ni kifupi. Kabla hujasema moyo wa mtu umepoa, mkague kwanza kwa mwanga wa kutosha na kwa waya. Na anayemfungia mzazi wake kamera na spika ajaribu makofi kabla ya kumketisha. Vinginevyo lawama atabebeshwa aliye mbali.

Wenye ujuzi zaidi yangu, nirekebisheni nilipokosea. Na wenzangu wenye wazazi wanaowasubiri watoto kwenye kioo, nyumbani kwenu mnafanyaje? Andikeni hapa chini, ninasoma kila jibu, na mengine namsomea Mama.