Alama Kumi na Nane za Egidio

Egidio Lapenta alikuwa na aibu, na aibu hiyo aliitunza kuliko alivyotunza meno yake. Mwaka mzima wa kwanza kitivo cha sheria, pale mjini Bari, hakuna aliyemsikia akitamka zaidi ya "samahani" na "asante," na hata hizo alizitoa kama mtu anayerudisha kitu alichoiba. Alikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Watu wakadhani ni mpole. Mpole wapi! Kichwani mwake mlikuwa na ulimi wa kumnyoa mtu bila maji. Kila aliyepita mbele yake alichambuliwa kuanzia viatu hadi ukoo, kimya kimya, na Egidio akaona hiyo ndiyo akili.

Aliyechambuliwa kuliko wote ni Savino, mwenzake wa chumba hosteli, mtoto wa mji wa Barletta, mdomo wazi tangu alfajiri. Mama yake Egidio alipotuma kifurushi kwa basi kutoka kwao milimani Basilicata, soseji za pilipili na jibini la mbuzi, ni Savino aliyekata kamba.

"Egi, mama yako ni mtakatifu, nakwambia! Nionje kidogo tu, au utaniwekea kinyongo?"

"Onja," alisema Egidio. Moyoni akaongeza: ikukwame, fisi wewe. Kufika Jumatano ilikuwa imebaki kamba.

Haya yote yangekuwa mchezo tu kama si mtihani wa Sheria ya Kirumi. Huo ni wa mdomo, mlango wazi, mbele ya yeyote anayetaka kukaa kusikiliza, na wanaotaka ni wengi kwa sababu wote wanawinda maswali, madaftari mkononi. Alama ya juu ni thelathini, ya kupita ni kumi na nane. Mingine ya kuandika Egidio alishaifaulu. Lakini asipoupita huu kabla ya tarehe kumi Agosti, ofisi ya hosteli itampa mtu mwingine kitanda chake, naye atarudi kwao kuuza mabomba ya maji dukani kwa mjomba, na habari za chuo atazisikia kwa wenzake.

Basi tuutazame ushujaa wake. Januari alichungulia ukumbini, akaona watu themanini, akaenda kununua mkate wa focaccia. Februari alijikaza akaketi. Profesa Lomuscio alichelewa kwa saa mbili nzima, kama ada yake, kisha akaanza kuita majina.

"Lapenta!"

Egidio akaitika. Aliitika kweli, anaapa hadi leo, ila hata kola ya shati lake haikumsikia.

"Lapenta hayupo," akasema Profesa, akapiga mstari.

Na Egidio, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, akabaki ameketi palepale asubuhi nzima, hayupo, akiwabeza moyoni waliokuwa wakijibu vibaya. Juni alijitia homa.

Ikabaki siku moja ya Julai, ya mwisho kabla ya Agosti. Savino akamtoa kitandani kwa nguvu. "Leo twende wote. Kama koo limekufa, nitakuitikia mimi." Na kweli, jina lilipoitwa, Savino akasimama akabweka, "Yupo! Huyu hapa!" Ukumbi mzima ukageuka. Egidio akatamani ardhi immeze, ila kwanza immeze Savino.

Wa kwanza kuitwa mbele kujibu alikuwa Savino. Nusu ya kitabu alikuwa ameisoma, nusu nyingine aliiokota kwenye korido. Alizungumza kwa mikono miwili, akapotea njia, akamchekesha Profesa, akapata ishirini na nne. Egidio alihesabu makosa saba. Saba!

Kisha zamu yake ikafika.

"Niambie, Lapenta, mtu anawezaje kumiliki kitu kwa kukikalia tu muda mrefu?"

Alilijua swali hilo mpaka maandishi madogo ya chini ya ukurasa. Akaanza kuieleza meza jibu lake.

"Sauti, kijana. Meza haikutahini, nakutahini mimi."

Nyuma wakacheka. Egidio akazidi kushusha sauti. Profesa akatega sikio, akachoka, akaangalia saa, kwani saa ya chakula ilishapita. "Inaonekana unajua kitu," akasema, "lakini mimi sikukisikia. Kumi na nane. Unapokea?"

Kwa desturi mwanafunzi anaweza kukataa alama akarudi mara nyingine, na wenye majivuno hukataa hata ishirini na saba. Lakini kwa Egidio kumi na nane ilikuwa kitanda, ilikuwa mwaka wa pili. Wala sauti haikuhitajika. Kutikisa kichwa tu, kazi aliyoifanya mwaka mzima bila kuchoka.

Akageuka nyuma. Savino alikuwa amemwinulia kidole gumba, anachekelea na ishirini na nne zake, anamfurahia kwa dhati. Dharau yote ya mwaka ikampanda kooni, na kwa mara ya kwanza ikaukuta mdomo wazi.

"Nakataa!"

Vioo vya madirisha vikaitikia. Wenzake wakapiga makofi.

"Kumbe sauti unayo," akasema Profesa. "Haya, Septemba."

Egidio akatoka shingo juu. Raha yake ilifika ngazi ya tatu, hapo Savino akamkamata begani.

"Una wazimu? Na kitanda je?"

"Alama kama hizo ni za watu kama..."

"Watu kama nani?" Savino hakuwa anacheka tena. "Sema basi. Mdomo si umeshafunguka?"

Savino akamwacha pale, akashuka peke yake.

Tarehe kumi na moja Agosti, Egidio alisimama ofisi ya hosteli na sanduku lake, mbele ya mama mmoja nyuma ya kioo.

"Jina?"

Egidio akajibu.

"Sikusikii, baba. Jina lako?"

Akajibu tena. Yule mama akaweka kiganja sikioni. Basi Egidio akachukua karatasi, akaliandika jina lake kwa herufi kubwa, akaisukuma chini ya kioo pamoja na ufunguo.