Geji mpya, oili chini, na mama mkwe pembeni

Jamani, leo nimechoka hadi kope.

Asubuhi fundi wangu wa Nyahanga kanifungia geji ya presha ya oili kwenye Landikruza. Taa yake ya oili ilishakufa zamani, na injini nyingine sina.

Nikampakia mama mkwe kumrudisha kwake Masumbwe. Sisi Wasukuma mnatujua, na mkwe huongei naye hovyo. Shikamoo, marahaba, imeisha. Tukashika njia.

Mara akakohoa.

"Baba Kulwa, samahani. Huo mshale ulikuwa katikati. Mbona sasa umelala?"

Nikatazama. Sifuri!

Nikazima gari palepale, nikaingia uvunguni na shati langu la kanisani. Mama mkwe kageuka kando kwa haya. Oili inamwagika, na inatokea wapi? Kwenye kiungio kilekile alichofunga fundi ili kuweka geji.

Nikampigia, spika wazi maana mikono imejaa oili.

"Fundi, geji yako imemwaga oili yote!"

"Kwani mshale umeonyesha?"

"Umeonyesha."

"Basi bosi, geji ni nzima."

Nikakaa chini vumbini.

Mama mkwe akainama karibu na simu.

"Fundi, huyu ni mkwe wangu, namwonea haya. Wewe sikuonei. Lete oili."

Fundi kafika na bodaboda, dumu mkononi, kaanza na shikamoo akiwa bado hajashuka.

Kakaza kiungio, kajaza oili, injini imepona. Mimi bado nimelala kama ule mshale. Nyie wakwe zenu wakoje?