Gari Lisilo na Pua

Saa nane na dakika kumi mchana, Jumatano iliyopita, niliitwa kwenye simu ya ofisi. Aliyepiga alikuwa mfanyabiashara mmoja wa jumla wa Eastleigh, mtu asiyepoteza hata senti ya simu bila sababu. "Karani," aliniambia, "Keya ametuacha. Amekula mchana vizuri, akajilaza. Mama watoto kwenda kumwamsha, hakuamka." Kisha laini ikabaki wazi kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kulipia. Marehemu alikuwa dereva wake. Keya halikuwa jina alilopewa na wazazi wake kule Ukambani. Ni jina walilobandikwa askari wetu waliopelekwa ng'ambo kumpigania mfalme wa Uingereza katika vita vya pili, na yeye lilimganda mpaka mtaani Jericho, ambako watoto waliozaliwa baada ya uhuru walimwita hivyo bila kujua lilikotoka.

Mimi na yeye hatukuwa watu wa kutembeleana. Miaka tuliyofahamiana nilikuwa nikitunza stoo ya vipuri karibu na Gikomba, naye alikuwa akija kununua plagi, mkanda wa feni au kopo la girisi. Hakuna kipuri alichokilipia kabla ya kukishika kwanza kiganjani na kukipima uzito, akikiinua na kukishusha kama mama anayechagua viazi. Wenzangu walimcheka. Mimi nilidhani ni mazoea tu ya mtu mzima, mpaka siku za ule mvutano ninaotaka kuusimulia leo, kwa kuwa tangu Jumatano nimekuwa nikiufikiria kuliko jambo jingine lolote lililomhusu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Gari lake la zamani, la Kiingereza, lilikuwa limechoka kiasi kwamba hata mafundi walianza kulihurumia. Tajiri wake akanunua jipya la Kijapani, gari dogo la mizigo la aina iliyokuwa ikiingia kwa wingi siku hizo. Nilikuwa nimepeleka oda ya vipuri dukani kwake asubuhi lilipoletwa, nikamkuta Keya amesimama mbele yake, mikono nyuma, analitazama kama mtu aliyeletewa mchumba ambaye si yule aliyeonyeshwa kwenye picha. Gari la zamani lilikuwa na boneti ndefu mbele. Hili lilikuwa bapa. Dereva alikaa juu ya injini, kioo kiko puani pake, na kati ya magoti yake na barabara hapakuwa na kitu ila bati lililopakwa rangi ya maziwa.

"Tajiri, hii haina pua," Keya alisema.

"Pua ya nini? Wewe unaendesha ama unanusa?"

Wapakizi wakacheka. Keya hakucheka. "Nikigonga, ni nani anagonga kwanza?"

"Usigonge."

"Mimi sigongi. Lakini barabara si yangu peke yangu."

Tajiri aligonga ubavu wa gari kwa vifundo vya vidole, likalia kama debe. Akasema halina kilo za bure, linakula petroli kidogo, na kila alichookoa kwa wepesi wake atakipakia sukari. "Akiba haiozi, Keya."

"Akiba ya nani, tajiri?"

Hapo mzaha ukaisha. Tajiri akamwambia kwamba Jumatatu anataka gari liwe Kangundo na mzigo, na kama Keya hawezi, madereva wamejaa Majengo wanaegemea kuta. Si maneno aliyoyasema kwa ukali, na hilo ndilo lililonifanya niamini kwamba alikuwa hatanii. Keya alikuwa amepita miaka hamsini. Alikuwa na watoto watatu shuleni na nyumba ya kupanga Jericho, na hakuwa na kazi nyingine anayoijua. Mwajiri wa kumchukua dereva wa umri huo mjini humu alikuwa wa kutafutwa kwa taa.

Jioni hiyo alipitia stoo kwangu. Hakununua kitu. "Karani, wewe husoma," alisema. "Hawa waliotengeneza hii gari ni watu gani?"

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba shule yangu iliishia darasa la saba, na kwamba yaliyosalia nimeyatafuta mwenyewe Jumamosi kwa Jumamosi, katika maktaba ya Makadara. Swali lake lilinipendeza. Jumamosi hiyo nilikaa na kitabu kinene cha historia ya viwanda vya Japani mpaka nikapata nilichotaka, na kilikuwa zaidi ya nilichotarajia. Kampuni iliyolitengeneza gari lile ilikuwa imemeza kampuni nyingine, na hiyo nyingine ilichipuka katika kipande cha kiwanda kikubwa cha ndege cha zamani. Kiwanda hicho kilianzishwa na ofisa wa jeshi la majini, mwana wa mkulima, aliyeacha utumishi akiamini kwamba nchi maskini haiwezi kushindana na matajiri kwa kuunda manowari, lakini kwa ndege inaweza. Alianzia katika banda la kufugia viwavi wa hariri. Ndege zake za mwanzo zilianguka, majirani wakamtania, naye akaendelea. Vita vilipofika, banda lile lilikuwa limezaa kiwanda kikubwa kuliko vingi duniani. Jeshi likataka ndege ya kivita inayogeuka upesi kuliko ya adui, na kwa kuwa injini waliyokuwa nayo ilikuwa na nguvu za kadiri, wahandisi wakapunguza uzito popote ulipopunguzika. Ndege za mwanzo za aina hiyo hazikuwa na bamba la chuma nyuma ya rubani. Mwishoni mwa vita, wavulana na wasichana walitolewa madarasani wakashike kazi kiwandani, mabomu yakiangukia mapaa. Baada ya kushindwa, walikatazwa kuunda ndege, na kiwanda kikavunjwa vipande. Vipande hivyo vikatengeneza masufuria. Kimoja kikachukua magurudumu madogo ya mkiani mwa ndege yaliyobaki ghalani, kikayafunga kwenye pikipiki ndogo za kwendea kazini. Baadaye yakaja mabodi ya mabasi, kisha magari, na magari yakapanda meli kuja Mombasa.

Nilimweleza haya yote mchana huohuo, tumekaa kwenye kibanda cha chai nje ya soko. Nilidhani namtuliza. Watu walioshuka kutoka ndege za vita hadi masufuria, wakapanda tena mpaka magari, nilisema, ni watu wanaoijua kazi yao. Keya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Na kile kitabu kinasema nini juu ya kiti?"

Nikamwambia hakikusema lolote. Ndipo akanieleza yeye. Alikuwa dereva wa lori kule Burma, au Bama kama walivyoiita wenyewe. Siku moja walikuwa wamejipanga wakingoja zamu ya kuvuka mto, ndege mbili zikatokea juu ya miti. Lori lililokuwa mbele yake liliungua na dereva wake, kijana wa kutoka Kitui. Aliziona zikigeuka, na hata kwa hofu aliyokuwa nayo, alisema, alistaajabu. Zilijipinda hewani kama mbayuwayu. Majuma kadhaa baadaye, katika kutafuta kuni, yeye na wenzake walikuta ndege ya aina hiyohiyo imeanguka msituni, ya siku nyingi, majani yameshaifunika. Aliyekuwa akiirusha bado alikuwemo, yaani kilichobaki chake.

"Wenzangu walitafuta saa na bastola," aliniambia. "Mimi nilitazama kiti, kwa sababu mimi ni dereva. Karani, kiti kilikuwa kimetobolewa. Matundu, matundu, matundu, kama kichujio cha chai. Nikakishika kwa mkono mmoja, kikainuka kama karatasi. Nikajiuliza, huyu mtu alikosana na nani kwao?"

"Walitaka iwe nyepesi," nilisema.

"Najua walitaka. Mtu alikaa mezani na kalamu, akatafuta pa kupunguza. Injini, hapana. Bunduki, hapana. Akafika kwa mgongo wa dereva, akasema, hapa sawa." Akanywa chai. "Yule alikuwa adui yangu na nilimwonea huruma. Alikuwa dereva tu."

Ni lazima niwe mwadilifu hapa. Wajapani hawakuwa peke yao. Waingereza nao waliuza magari yasiyo na pua, na wahandisi wa gari la amani si wale wa ndege ya vita. Nilimwambia hivyo. Akakubali. Hakuwa na kinyongo na Mjapani, alisema, na gari lenyewe alikwisha kulipenda kwa jinsi lilivyokata kona. Alichotaka ni chuma mbele ya magoti yake, na kama chuma hakiwekwi, Jumatatu atarudisha ufunguo.

Jumatatu nilipita Eastleigh makusudi. Nilimkuta Keya ameshika ufunguo kwenye kiganja kilicho wazi, na tajiri anapiga hesabu kwa sauti. Chuma anachokitaka dereva wake, kipande cha reli kuukuu na bamba zito la kukishikilia, kilikaribia uzito wa gunia la sukari.

"Kwa hivyo kila safari unanitoa gunia moja," tajiri alisema. "Kila safari, Keya. Wewe unaijua hiyo hesabu?"

"Naijua. Chuma nitanunua mimi, na fundi nitamlipa mimi. Wewe utoe gunia."

"Na nikikataa?"

"Shika ufunguo wako. Lakini kwanza ingia, keti pale kushoto, twende mpaka Jogoo Road na turudi. Dakika chache tu, tajiri."

Yule bwana aliingia, nadhani kwa kutaka kumaliza maneno. Mimi sikuwemo, kwa hiyo sijui waliongea nini njiani. Ninachojua ni kwamba aliporudi alishuka polepole, akasimama akijipangusa magoti ya suruali, ingawa hayakuwa na vumbi. Alisema tu kwamba lori la mawe lilifunga breki mbele yao. "Nenda ukafunge hicho chuma chako," akamwambia Keya. "Lakini hilo gunia nitalihesabu."

Chuma kilichomelewa Gikomba siku hiyohiyo. Fundi aliuliza kama anatengeneza gari au treni, na tangu hapo wapakizi wa Eastleigh waliliita gari lile Treni, wakimpigia Keya honi kwa midomo kila alipofika. Aliliendesha miaka tisa, mpaka juma lililopita. Msomaji atatarajia sasa nieleze siku ya ajali, lori lililokatika breki mteremkoni na chuma kilichookoa maisha. Siku hiyo haikuja. Ile reli haikuguswa na kitu chochote isipokuwa mvua na rangi, ambayo Keya aliipaka upya kila Krismasi. Alifia kitandani kwake, na hakuna awezaye kuonyesha kwamba kile chuma kilifanya kazi yoyote.

Nimeishi Eastlands muda wa kutosha kuona vitu vyetu vikipungua uzito. Bati la paa la siku hizi unaweza kulikunja kwa mkono. Mlango wa nyumba mpya ya halmashauri ukibisha hodi unaogopa utaingia nao. Kiwanda alichofanyia kazi jirani yangu kimeondoa kinga ya mashine moja kwa sababu inapunguza mwendo, na jirani yangu sasa anaandika kwa mkono wa kushoto. Sisemi kwamba wepesi ni uovu. Watu wa lile banda la viwavi walipata mengi kwa kuutafuta, na sisi tunapanda magari yao kwa bei ambayo Mwingereza hakuwahi kutupa. Ninasema kwamba kila kitu kikipunguzwa uzito, kuna mtu mahali fulani ambaye uzito huo ulikuwa ukimkinga, na mara nyingi hayupo mezani kalamu inapofika zamu yake. Keya alijiweka mezani, kwa gharama ya ufunguo wake. Sehemu kubwa ya ustaarabu wa watu, nimefikia kuamini, ni vitu wanavyokubali kuvilipia ili jambo lisitokee, ambavyo jambo lisipotokea huonekana kama hasara.

Juzi usiku wa matanga, pale Jericho, tajiri alisimama aseme neno. Ni mtu wa Murang'a asiyependa hotuba. Alisema Keya alimpa heshima kwa miaka mingi, kisha akasema kwamba lile gunia alilihesabu kweli, kama alivyoahidi, na baadhi yetu tukacheka kwa kuwa tunamjua. "Faida ya shilingi tano kwa gunia," alisema. "Safari tatu kwa wiki. Kwa miaka tisa, inakaribia elfu saba. Mpaka leo sijui kama nilinunua kitu ama sikununua. Lakini ningeulizwa tena, ningetoa." Mjane akamjibu kutoka alipokaa, kwa sauti ya chini, "Ulinunua, baba. Mimi nilikuwa nalala."

Nyumbani nilipiga hesabu hiyo upya, kwa desturi yangu: gunia moja, shilingi tano, safari tatu kwa juma, majuma hamsini kwa mwaka, miaka tisa. Tajiri hakukosea. Hasara yake yote ilikuwa shilingi elfu sita mia saba na hamsini.