Bidoni Arobaini na Tatu Mlangoni

Kioski cha maji cha mtaa wao hapo Kashikishi, Zambia, kando ya Ziwa Mweru, kilikuwa na bomba zuri, tangi zuri, na saa mbaya. Ba Kalumba, mzee aliyekabidhiwa ufunguo na kamati ya maji, alifungua saa mbili asubuhi, chai yake ikishatulia tumboni. Mashua za samaki za Kilwa, kisiwa cha humo ziwani, hufika saa kumi na mbili alfajiri, na anayechelewa huambulia mikia. Basi wanawake wauza samaki walikuwa na njia mbili alfajiri: kuteka ziwani, au kununua kwa Obvious, mchuuzi wa maji kwa baiskeli, aliyeuza bidoni moja, dumu la lita ishirini, kwa bei ya tatu za kioski.

Maji ya ziwa nayo yana bei yake, na Laurentine aliijua. Masika yaliyopita binti yake Claire aliyanywa, akaharisha, akalazwa kliniki siku nne, dripu mkononi. Laurentine alikuwa amevuka kutoka Pweto, upande wa Kongo, akapitia kambi ya wakimbizi ya Kenani, akajijenga kwa samaki wakavu, fungu kwa fungu. Hakuwa tayari kumhatarisha mtoto, wala kuzikosa mashua. Alitaka bomba lifunguliwe mapema, basi.

Alianza kwa kuomba.

“Nani atanunua mayi giza-giza?” Kalumba akamuuliza. “Beko wangapi? Babili?”

Hakubishana naye. Pale mtaani bidoni humshikia mwenyewe nafasi kwenye foleni, na mtu hasogezi bidoni ya mwenzake. Jioni Laurentine akapita nyumba kwa nyumba, akakusanya bidoni tupu arobaini na tatu, akazipanga mbele ya kioski na kuzifunganisha vishikio kwa kamba ya wavu mkuukuu.

Obvious, akipita na baiskeli yake, akapunguza mwendo. “Mama Laurentine, sasa unauzisha plastiki?”

“Nauzisha kinga yako, hii baiskeli. Ngoya tu.”

Asubuhi Kalumba akakuta mlango umezibwa na foleni isiyo na watu. Akazunguka, akavuta kamba, ikakataa. Waliokuja na bidoni zao walitazama ile foleni, wakarudi makwao. Ilipofika saa nne Laurentine akatokea, beseni la chisense, dagaa wa ziwani, kichwani.

“Hii mabidoni ya nani?” Kalumba akamuuliza.

“Ya bakiliya yako, benye kununua mayi. Uliuliza beko wangapi. Hesabu.”

“Na benyewe?”

“Beko ku soko. Banakunywa mayi ya Obvious.”

Kalumba akacheka, kisha akaacha, maana yeye hulipwa kwa kila bidoni inayojaa.

“Minalala mbali, mama. Siwezi kuamka na majogoo.”

“Lala. Unipe ufunguo.”

“Wewe? Ulikuja na mutumbwi, leo unataka ufunguo?”

“Hata samaki anakuja na mutumbwi, na unamukula.” Akashusha beseni. “Haunijue, sawa. Lakini mita ya mayi unaijua. Soma mangaribi, soma asubuhi. Mita haina ndugu.”

Kalumba akaitazama ile mita ukutani kama anayeiona mara ya kwanza.

“Wiki moja.”

“Mwezi.”

“Wiki mbili, na chisense ya bibi yangu.”

“Wiki mbili. Chisense atanunua sawa na batu bote. Mbasela nitamuongezea.”

Mke wa Kalumba alipenda nyongeza kuliko bidhaa yenyewe, na mume alilijua hilo. Akatoa ufunguo wa akiba.

Siku ya kwanza Laurentine alifungua saa kumi na nusu alfajiri. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Obvious na bidoni sita.

“Mama, jaza yangu yote mbele. Nitakulipa mara mbili.”

“Jaza mbili. Hizo ine zitangoya bamama.”

“Bamama bakimaliza, wewe utafunga.”

“Ndiyo, njo vile.”

“Unaniua, mama.”

“Sikuue. Punguza bei, batakununulia mchana.”

Wanawake nyuma wakaangua kicheko. Obvious akajaza zake mbili, akaondoka akisukuma baiskeli, hakupanda. Bidoni zikasonga moja moja chini ya bomba. Hakuna aliyejaziwa bure, hata jirani wa Laurentine aliyevuka naye mtumbwi mmoja, na akanuna kweli.

Saa kumi na mbili kasoro robo Laurentine akafunga kufuli. Akaisoma mita kwa sauti mbele ya wanawake wawili, wawe mashahidi. Akabeba bidoni yake hadi nyumbani, akamwekea Claire ndani ya mlango, akachukua beseni. Injini za mashua za Kilwa zilikuwa zimeshaanza kusikika. Akakaza kitenge, akaharakisha.