Tela Refu Langoni Maskati

Mwaka wa sitini na nne, nna miaka ishirini na mbili, nilishuka Matrah, bandari ya Maskati, kutoka Unguja na kanzu mbili na sufuria moja, nikabeba magunia mchana na usiku nikalala juu yake, na hayo yote siyaonei haya. Haya yangu ni moja tu, ya miaka mitano baadaye, na mpaka leo nikipita lango la Maskati nageuza uso upande wa pili, ingawa walioniona siku ile wengi wamekwishazikwa (Mungu awarehemu, lakini wajukuu zao wamekirithi kisa).

Wakati huo nilikuwa nshakuwa mtu. Nna gari langu mwenyewe, jipu, napeleka mizigo, na nilikuwa namtaka Thuraya, binti wa Bwana Seif na Bi Zuwena, watu wa Unguja kama mie lakini wa nyumba ya kitabu: mzee alikuwa mwalimu, mama akiwasomea watu khati zao, mtaa mzima wa Matrah, na mie skuli niliijua kwa nje, nikiuza karanga getini. Kuwauliza sijawauliza, ila wanajua. Basi mzee magoti yakamfunga, akaambiwa akayakande kwenye chemchemi ya maji ya moto huko Nakhal, na Bi Zuwena akasema yeye halali chini wala halali nyumba za watu. Nikaona hapo ndo pangu. Kambi moja ya wachimba mafuta ilikuwa ikiuza matela ya kulala, yale majumba ya magurudumu yanayokokotwa na gari, nikawaambia, wazee, nyumba yenu nitaivuta mie.

Yalibaki mawili. Moja fupi, limekaa chini kama kuku anayelalia mayai, kipandio kimoja, dari ya kuniinamisha mie. La pili refu, jeupe, vipandio vitatu, madirisha na mapazia. Bwana Seif alishanambia, kwa sauti ya darasani, "Mwanangu, tutafutie kitu cha chini. Magoti haya hayapandi." Na wao wote wawili hawanifiki begani, lile fupi lilikuwa kama limeshonwa kwa kipimo chao. Mie nikalitazama refu, nikajiona nnavyopita nalo mjini, nikasema mkwe wangu hainamishwi (naye bado si mkwe wangu).

Karani wa kambi akaninyooshea futi ya chuma. "Pima kwanza. Malango ya huku mafupi." Futi ina namba. Namba sizijui, na kumwambia karani kuwa sizijui ni bora niimeze futi yenyewe. Nikamjibu, "Sie tunapima kwa dhiraa, tangu mababu," na dhiraa, kwa vijana wa leo, ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Kwa kuwa juu sifiki, nikampandisha mchukuzi wangu Murad, Mbulushi mwenye mikono ya kukaribia magoti, akapima: tano na nusu. Nikenda langoni na ufito, maana nilishaazimia kupita nalo mjini ingawa njia ya Nakhal haipiti huko, nikausimamisha ufike jiwe la juu, nikaupima kwa mkono wangu: sita. Tano na nusu haizidi sita, hilo hata punda analijua. Kuwa mkono wa Murad ni mkono wangu na vidole vitatu juu yake, hilo halikunijia.

Siku ya safari, kumpandisha Bwana Seif vipandio vitatu kulitaka watu wanne na kasha la chai. Mzee akafuta miwani yake. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeandika jina lake kinyume. Hapo ningeshika njia ya Nakhal nikanyamaza, lakini Bi Zuwena akasema angependa kumuaga dada yake, ndani ya mji, nami kauli hiyo ndo niliyokuwa nikiingoja. "Bi Zuwena, nitakushusha mlangoni pake."

Langoni nikaingia kwa mwendo kidogo, nionekane. Ikatoka sauti kama mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria kubwa kama nyumba, na jipu likasimama. Tela limeling'ata jiwe la juu, mbele haliendi, nyuma halirudi. Pembeni mtu anaweza kupita kiubavu, punda na mzigo wake hawezi, basi nyuma yangu wauza samaki, mbele yangu wabeba kuni, jua la saa nne, na nguru wameanza kunuka.

Akaja askari wa lango, mzee aliyekula ujana wake Unguja. "Nani kapima?"

"Mie."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa dhiraa."

"Dhiraa ya nani?"

Nikautazama mkono wangu. Akauliza tena, nikasema, "Lango kwa yangu. Tela kwa ya Murad." Akatuweka kiwiko kwa kiwiko mbele ya umati, na mkono wa Murad ukanipita vidole vitatu vizima. Walicheka mpaka punda wakashtuka.

"Futi hukupewa?"

Nikaona miwani ya Bwana Seif pembeni ya pazia.

"Kapewa," Murad akasema (Mungu amsamehe, mie bado). "Kaikataa. Hajui kuisoma."

Basi. Miaka mitano ya kuficha, ikaishia kwa wauza samaki.

Askari akasema dawa ni uzito, waingie watu ndani tela lididimie. Wachukuzi wakajiandaa, lakini ndani yumo Bi Zuwena, na wanaume hawaingii alipo, na kushuka mbele ya soko zima hashuki. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, tulivu: "Mwiteni dada yangu na majirani. Wanene kwanza."

Bwana Seif akateremshwa (watu wanne, kasha la chai). Wakaja wanawake kumi na moja, mabuibui yao yakikwangua ukuta, wakapandia mlango wa nyuma, na kila akiingia mmoja tela linaguna. Bi Zuwena akawapanga: "Bi Asha, kaa mbele, wewe ndo wa faida." Wa kumi na moja alipokaa, jiwe likaachia. Nikaendesha taratibu kama nnabeba mayai, na ndani vigelegele, na mmoja akatunga papo hapo:

"Huyo kapima lango kwa mkono wa maringo."

Wakaitikia mpaka nyumba ya dada.

Na kutoka je? Lango ni lile lile, uzito ni ule ule. Ila uzito ulitaka kula kwanza, kisha halwa, kisha kahawa, nami nimekaa nje kwenye kivuli cha tela mpaka alasiri nikiungoja ushibe. Walivyoshiba, tulipita bila ya hata mkwaruzo.

Wanawake waliposhuka nje ya lango, Bi Zuwena akanena kwa nyuma ya pazia. "Kijana, kutojua namba si aibu. Aibu ni kumpandisha mgonjwa vipandio vitatu ili wewe uonekane mrefu. Lirudishe hili, ulete lile la chini. Mzee atakufundisha. Siku utakapoisoma futi, njoo utuulize ulilotaka kutuuliza."

Nikalirudisha. Nakhal tulikwenda na lile fupi, mzee miguu majini, mie kwenye kipandio na ubao wa chaki. Mwaka wa sabini nililipima tela lile mbele yao kwa sauti, nikakosea namba moja, mzee akajifanya kakohoa.

Leo nna nyumba Mawaleh. Nna maduka mawili ya vipuri, malori manne na kiwanja Yiti. Nna Thuraya, ambaye hahesabiwi na mali, lakini ndiye aliyeyasahihisha haya. Tela fupi liko nyuma ya nyumba, na sasa mie na yeye ndo tumefikia kimo chake. Na nna futi katika kila gari na moja mfukoni. Mkono wa mtu siuazimi tena.