Mkaguzi na Simu ya Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na tisa mtu huyu alipanda mabasi ya watu na kusema maneno matatu tu: "Tiketi zenu, tafadhali." Alikuwa na koti la bluu, kalamu nyekundu sikioni, na macho yaliyomtambua asiye na tiketi kwa jinsi anavyogeuka ghafla kutazama nje ya dirisha. Ukoo mzima ulimwita Mkaguzi. Mke wake naye alimwita hivyo, na hakuna aliyethubutu kumwazima ile kalamu.

Kisha kampuni ya mabasi ikafunga mashine ya tiketi mlangoni mwa kila basi. Mashine haivai koti, haili mchana, haiugui mafua. Mkaguzi akapewa barua ya shukrani yenye tarehe iliyokosewa. Aliisahihisha kwa wino mwekundu, akairudisha.

Mwingine angekaa nyumbani akagombana na redio. Yeye, na miaka yake arobaini na minne, na kitambi kilichokwisha kuzoea kumtangulia mlangoni, akaenda kujiandikisha kwenye kozi ya miezi sita ya kupima programu za kompyuta. Alikaa dawati moja na vijana waliomwita mzee siku ya kwanza na mjomba siku ya pili. Kazi yenyewe, kwa sisi tulioiacha shule njiani, si ngumu kuieleza: kuna watu wanatengeneza programu ya simu, halafu kuna mtu analipwa kuisumbua mpaka iharibike, kabla wananchi hawajaisumbua wao. Wenye shule zao wana maneno marefu zaidi, lakini ukiyakamua yanatoa maji hayo hayo.

Mama mkwe wake alipoelezwa, alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo utalipwa kutafuta makosa ya wenzako. Majirani zangu wanaifanya hiyo bure."

Neno hilo lilimkaa kooni. Ndiyo maana siku alipopata kazi alimtangazia kuwa sasa yeye ni mtaalamu wa kompyuta, na ile habari ya miezi mitatu ya majaribio akaimeza.

"Umemwambia mama kwamba bado hawajakuajiri sawasawa?" mke wake alimuuliza.

"Nimemwambia kwa ufupi."

"Ufupi gani?"

"Ule wa kunyamaza."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi na misumari. Watu kumi na mmoja, viti vya kuzunguka, feni moja iliyolalamika zaidi kuliko ilivyopuliza. Bosi alikuwa dada wa miaka ishirini na tisa, mpole, aliyezunguka kutwa na kikombe ambacho hakuna aliyewahi kukiona kina kitu ndani. Mtengenezaji mkuu wa programu walimwita Msanii. Viatu vyeupe, vizibo vya muziki masikioni, na hata simu yake hakuishika kama watu wengine: aliilaza kiubavu na kuandika kwa vidole gumba viwili, kichwa kimeinama upande. Mkaguzi aliona hayo ni maringo tu. Lakini kijana alikuwa hodari kweli, ubaya ni kwamba alijua. Ukimwandikia kasoro yoyote, na kila kasoro iliyoandikwa wao waliiita tiketi, jibu lake lilikuwa moja.

"Kwangu inafanya kazi."

Na kweli kwake ilifanya kazi. Kwenye droo ya Bosi kulikuwa na simu sita mpya za kupimia, bado na nailoni zake za dukani kwenye kioo. Msanii alipima kwa hizo, na kwa hizo hata Mkaguzi alipima.

Programu waliyokuwa wakiitengeneza ilikuwa ya kliniki ya macho. Kuanzia Jumatatu kliniki ingeacha kugawa namba za karatasi mlangoni. Mgonjwa angechukua miadi kwa simu, asiyechukua asingeonwa. Mkaguzi alikwisha kuipatia kasoro arobaini na moja. Tatizo ni aina ya kasoro. Namba tisa ilisema rangi ya kijani imezidi. Namba kumi na saba ilisema picha ya daktari inacheka kabla mgonjwa hajafika, na hilo halileti imani. Namba thelathini ilihusu nukta.

Jumatano asubuhi Bosi alimwita pembeni, karibu na feni.

"Mjomba, Ijumaa miezi yako mitatu inaisha."

"Najua, bosi."

"Wakubwa wameniuliza. Kuna programu inayopima programu zenyewe. Inabonyeza vitufe elfu kwa dakika. Wanataka niwaambie kwa nini tulipe mtu." Alitazama ndani ya kikombe chake. "Niletee kasoro moja tu. Moja, ambayo ingetuaibisha mbele ya watu. Ya kijani, hapana."

Mkaguzi aliitikia kwa heshima, akarudi kwenye kiti chake na kukaa kama gunia. Mashine kumtoa kwenye basi, sawa, alisema bahati mbaya. Lakini mashine ile ile, au tuseme binamu yake, kumfuata mpaka ghorofa ya tatu, hilo alilichukulia kama ugomvi wa kifamilia.

Jioni mke wake alimtuma kwa mama yake kubadilisha taa ya jikoni. Mtaalamu wa kompyuta akapanda juu ya stuli, balbu mdomoni, na akiwa huko juu akamwona mama mkwe amekaa mezani na simu yake. Ameilaza kiubavu. Anaandika, anaigeuza upande wa pili, anaandika tena, kama dereva anayekata kona.

Mkaguzi aliitoa balbu mdomoni. "Mama, mbona unaishika hivyo?"

"Iliangukia kwenye beseni mwaka juzi. Hapa chini kabisa, upana wa kidole, haisikii. Nikitaka kitu kilichoko chini, nailaza, kinahamia pengine. Hukumbuki ujumbe wangu ulivyokuwa ukija maneno yote yameshikana, kabla sijajua kuilaza?"

Alikumbuka vizuri. Ukoo mzima ulidhani ana hasira.

"Na kwa nini hukuniambia niipeleke kwa fundi?"

"Nikwambie nini, na mimi nimeshaizoea? Ni wangapi hapa mtaani wanafanya hivi. Yule mshona nguo anailaza. Yule wa duka la mkaa, yeye anaipindua juu chini. Shuka, baba, utaanguka."

Alishuka, taa akaiacha ikining'inia. Aliiomba ile simu kwa mikono miwili, kama anayeomba radhi, akaiwekea programu ya kliniki, ile ya majaribio.

"Hebu chukua miadi, mama. Kama kweli vile."

Mama mkwe alivaa miwani. Akaandika namba ya kadi yake ya kliniki. Bahati ilikuwa haina sifuri, maana sifuri nayo ilikaa kule chini kusikosikia. Akachagua siku, akachagua saa. Kikabaki kitufe kimoja kirefu cha kijani, chini kabisa: Thibitisha. Akakibonyeza. Kimya. Akakibonyeza kwa ukucha. Kimya. Basi akafanya alivyozoea, akailaza simu kiubavu.

Programu haikulala naye. Ilibaki imesimama vile vile, maandishi yote yamekaa ubavu, yule daktari akiendelea kucheka. Mama mkwe alipinda shingo kuyafuata. Akapinda mpaka miwani ikateleza.

"Mbona hii hainifuati?" aliuliza. "Nyingine zote zinanifuata."

Mkaguzi alihisi koti la bluu limerudi mabegani. "Mama, naomba uniazime hii simu kesho tu."

"Simu yangu haitoki bila mimi."

"Nitairudisha mchana."

"Mchana dada yangu hunipigia. Inakwenda wapi?"

"Ofisini kwangu."

"Basi twende wote. Nami nikauone huo utaalamu."

Alhamisi saa tatu mama mkwe alizipanda ngazi za ghorofa tatu akipumzika kila kona na kuulizia lifti ambayo haikuwepo. Akapewa kiti cha kuzunguka, akakishika kwa mikono miwili akakiambia kitulie. Bosi alimsalimu kwa kupiga magoti kidogo, wote wakakusanyika, na Mkaguzi akaeleza. Mama mkwe akaonyesha: akabonyeza, akailaza, akapinda shingo.

Msanii alivuta droo, akachukua simu mpya, akagusa kitufe. Kikaitikia papo hapo.

"Kwangu inafanya kazi."

"Vizuri, mwanangu," mama mkwe alisema. "Basi macho yakiniuma nitakuja kwako."

Watu waliangua kicheko, hata feni ilionekana kuongeza kasi. Lakini Msanii hakuwa mtu wa kuzimwa na kicheko.

"Mama, shikamoo, sikudharau. Hiyo ni simu mbovu. Hatuwezi kuibadilisha programu nzima kwa ajili ya simu moja mbovu. Niliifunga isigeuke kwa makusudi, ionekane nadhifu."

Bosi alimgeukia Mkaguzi. Alimtazama kama mtu anayetamani umpe sababu. "Hapo ana hoja, mjomba. Ni simu moja. Na kwa simu moja siwezi kwenda kuwabishia wakubwa kuhusu kesho. Unajua kesho ni nini."

"Kesho ni nini?" mama mkwe aliuliza.

Mkono wa Mkaguzi ulipanda wenyewe mpaka sikioni ukaikuta kalamu. Akasimama, akavuta kitambi ndani, na kwa sauti ambayo ofisi ile haikuwahi kuisikia, sauti ya miaka kumi na tisa ya kushindana na injini, akasema:

"Simu zenu, tafadhali. Zenu, si za kwenye droo."

Ajabu ya sauti ile, watu walitii kabla hawajafikiri. Alianza safu ya dirishani. Kila mtu aliambiwa avute kidole kutoka kona hadi kona, kila upande, na Mkaguzi akitazama wapi skrini inafuata na wapi inagoma. Mchora picha, nzima. Mhasibu, imekufa kona ya juu; huwa anaizunguka, alisema, hata hakumbuki. Dada wa mapokezi, nzima. Bosi mwenyewe, upande wa kushoto unasikia ukipenda. "Huwa naufuta na shati," alisema Bosi kwa sauti ndogo. Aliyemfuata, chini kabisa imekufa, sawasawa na ya mama mkwe. Wengine, nzima, akabaki mmoja.

Na hapo Mkaguzi aliona kitu alichokijua vizuri kuliko kitu chochote duniani. Msanii alikuwa amegeuka ghafla, anatazama nje ya dirisha.

"Na wewe, kijana."

"Yangu iko chaji."

"Iko mfukoni. Naiona inavyotuna."

Ilitoka polepole. Kioo kilikuwa kimepasuka kuanzia chini kama utando wa buibui, na robo yake haikusikia la adhana wala la kengele. Kumbe yale hayakuwa maringo. Miezi mitatu mtu alikuwa akiilaza simu kwa shida, na ofisi nzima ilidhani ndiyo fasheni. Mmoja alikwisha kuanza kumwiga.

"Jaribu kwa hiyo," Mkaguzi alisema, na alisema kwa upole, maana kwenye basi hakuwahi kumwaibisha mtu mara mbili.

Msanii aliifungua programu aliyoitunga mwenyewe. Akachagua siku, akachagua saa, akakibonyeza kitufe cha kijani. Akakibonyeza tena. Akailaza simu. Kisha taratibu, mbele ya watu wote, akapinda shingo.

"Pole, mwanangu," mama mkwe alisema. "Ukizoea haiumi sana."

Bosi alihesabu kwa vidole vya mkono usio na kikombe. "Wanne kati ya kumi na mmoja, na sisi ndio tunaojifanya tuna simu nzuri. Jumatatu tungewafungia wagonjwa wa macho mlangoni." Aliweka kikombe mezani, jambo lisilo la kawaida. "Andika, mjomba. Kasoro namba arobaini na mbili. Na uandike vizuri, naipeleka juu leo."

Kuitengeneza hakukuchukua hata nusu siku. Msanii aliifungua programu ilale na kuinuka kwa hiari yake, akakipandisha kitufe kikatoka shimoni. "Ikilala inakuwa mbaya kidogo," alinung'unika.

"Hata mimi nikilala ni mbaya kidogo," Mkaguzi alimjibu, "na bado nina mke."

Ijumaa alasiri Bosi alimwita tena karibu na feni, akampa karatasi yenye sahihi mbili. Ile mashine ingekuja vile vile, alimwambia, wakubwa walikwisha kuipenda; ila lazima awepo mtu wa kuiambia ibonyeze nini na ijifanye nani, na mtu huyo ni yeye. Mkaguzi aliisoma karatasi mara tatu akitafuta kosa. Tarehe ilikuwa sahihi. Jumatatu ile droo ilipata wageni: simu nne kuukuu kutoka kwa fundi wa mtaani, zote na majeraha yake.

Mama mkwe hakuuliza kitu mpaka Jumapili, alipokuja mwenyewe na kumkuta mkwewe amejinyoosha kibarazani.

"Kwa hiyo ulikuwa kwenye majaribio."

Mkaguzi aliketi vizuri. "Ndiyo, mama."

"Uliniambia kwa ufupi," alisema, akampita akaingia ndani, na jikoni mke wake alisikika akicheka peke yake.

Kliniki ilianza siku iliyopangwa. Saa nne asubuhi simu ya Mkaguzi iliita mezani kwake.

"Nimepata miadi," mama mkwe alisema. "Nimeilaza, ikanifuata, ikathibitisha. Tarehe ishirini na nne."

"Hongera, mama."

"Ngoja. Tangu ithibitishe, inanikumbusha. Imenikumbusha mara tano sasa, na hiyo tarehe ni wiki tatu mbele. Hata marehemu mume wangu hakunikumbusha kitu mara tano kwa asubuhi moja. Mwambie yule kijana."

Mkaguzi alishukuru, akakata simu, akaichomoa kalamu sikioni na kuandika: arobaini na tatu. Upande wa pili wa meza Msanii, aliyekuwa akisikiliza kwa kizibo kimoja, alifungua mdomo.

"Kwangu..." alianza.

Simu yake iliyopasuka ikalia juu ya meza. Daktari alikuwa anacheka, akimkumbusha miadi yake ya majaribio, kwa mara ya sita. Msanii aliifunika kwa kiganja.

"Lete hiyo tiketi," alisema.