Pishi ya Mfuto

Mwaka ule bei ilipanda hata nikaogopa kupiga chafya, isije nayo ikauzwa. Samli ilipanda, mbuzi alipanda. Mimi nilikuwa karani mdogo wa forodha pale Chole, na mshahara wangu ulikaa palepale kama gogo lililokwama matopeni.

Arobaini ya marehemu baba ilikuwa imekaribia. Kwetu hitima haina mzaha: watu wakishasoma, huletewa wali, watano kwa sinia, nao wale washibe. Mwana anayewaacha na njaa wageni wa babake, afadhali ahame kisiwa.

Hesabu nilizisoma darasa la usiku, nikafuzu. Basi nilikaa na karatasi: sinia kumi na mbili, pishi moja kwa sinia mbili, jumla pishi sita. Nikaenda dukani. Mwenye duka ni mtu wetu kabisa, tukiswali safu moja. Tangu nizaliwe, pishi ya mchele wa Rufiji ilipimwa tele, na juu yake kilima ambacho mbuzi mwenye akili angekipanda. Siku ile alichukua kijiti, akakipitisha mdomoni mwa pishi, fyaa, kilima chote kikarudi guniani, pishi ikabaki ya mfuto, sawa na mdomo wake!

"Shekhe, vipi tena?" nikauliza.

"Bei ni ile ile, ndugu yangu. Sikuongeza hata pesa moja."

"Na kilima?"

"Kilima kilikuwa hisani. Hisani haina bei."

Nilitoka nimefura kama pweza aliyetiwa ndimu. Nyumbani mke wangu aliutazama mchele, akatikisa kichwa. "Bwana, huu haufiki. Ongeza pishi mbili."

"Pishi ni pishi," nikamjibu, maana fedha ilikuwa imekwishaliwa na mbuzi, na kiburi cha msomi kilikuwa kimebaki kizima.

"Hizo pishi za karatasi," akasema, akaingia jikoni.

Siku ya siku watu walijaa, wengine wametoka Kanga, ng'ambo ya maji, kwa miguu na kwa ngalawa. Tulisoma, tukaomba dua, sinia zikatoka. Wallahi, ule wali ulikuwa mwembamba hata maua yaliyochorwa kwenye sinia yalionekana! Kufumba na kufumbua, mikono mitano inaparuza bati.

Ami yangu, ndugu mkubwa wa marehemu, akainua kichwa. "Mwanangu, leo tumemsomea marehemu au tumeusomea mchele?"

Baraza zima likaangua kicheko. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni mwenye duka, ameketi sinia moja na ami, analamba vidole.

Damu ikanipanda. "Muulize huyo kuliani kwako, ami! Bei ni ile ile, wali ndio umekonda!"

Mwenye duka akafuta midomo taratibu. "Shekhe, kwenye hitima hatuzungumzi biashara."

Na watu, kwa heshima ya baba, wakamuunga mkono yeye! Ikawa mimi ndiye mkosa adabu. Hapo mke wangu akatoa chungu cha muhogo wa nazi, alioupika bila kuniambia, wageni wakala wakashiba. Mwenye duka aliomba aongezwe mara mbili.

Watu wa Kanga wakarudi kwao wakisimulia kwamba karani wa forodha alimaliza arobaini ya babake kwa muhogo. Duka halikutajwa na mtu hata mmoja.